Godoro la Kukimbia Nalo

Mgongo wangu ulianza kuniuma asubuhi moja nikiwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Sikuwa nimebeba kitu. Watu wa mtaa wetu walipenda kuamini kwamba niliuumiza kazini, na mimi sikuwakatalia, lakini ile miaka niliyoishi Kampala, mchana nikibeba matofali na jioni nikikaa darasani, mgongo ulinyamaza. Ulisubiri nipate diploma, nirudi Goma, nijenge nyumba ya mawe, nipate watu wa kunibebea. Ndipo ukasema.

Diploma yangu ni ya ujenzi. Imetundikwa sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi, kwa kuwa ukuta ule ndio nilioupiga timazi kwa mkono wangu. Niliondoka mji huu nikiwa mvulana mwenye mkoba wa shule, katika mojawapo ya zile siku ambazo mji mzima ulikuwa barabarani ukikimbia, na nikarudi nikiwa mtu wa kuitwa shefu, mkubwa wa kazi. Wengi niliokuwa nao ukimbizini walibaki huko wakingoja hali itulie. Mimi sikungoja. Nilinunua kiwanja upande wa barabara ya Sake, juu ya jiwe jeusi la volkeno ambalo wengine walisema halifai hata kuchimbiwa choo. Nikalivunja, na mawe yaliyotoka humo ndiyo niliyojengea kuta. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza katika njia yetu kuwa na mkanda wa zege juu ya madirisha. Majirani walikuja kuutazama. Baadhi yao waliuiga, vibaya.

Mgongo uliponishika tulikuwa tunajenga nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mtu mwenye malori, asiyependa kusubiri. Katika kazi yetu, msimamizi akibaki chini anaona nusu, na mafundi hulijua hilo upesi kuliko yeye. Wiki ile niliyoshindwa kupanda ngazi, walizidisha mchanga kwenye mchanganyiko. Niliamuru ukuta mmoja ubomolewe, nikiwa nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mwenye nyumba alifika akanikuta kwenye ndoo hiyo.

"Shefu," akasema, "nililipaka mutu wa juu ao mutu wa chini?"

Nikamwomba aupe mgongo wangu muda. Akasema ataupa mpaka siku ya kumwaga zege la ghorofa. Siku hiyo anataka kuniona juu, na kama sipo juu, ataweka mwingine. Kulikuwa na mwingine, nilimjua, kijana aliyejifunzia ujenzi kwa kutazama. Sikutaka jengo langu limalizwe na mtu wa namna hiyo.

Daktari wa viungo aliniminya uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni, akanigeuza huku na huku, kisha akaniuliza ninalala juu ya nini. Nikamweleza. Akacheka.

"Patron, dawa yangu inafanya kazi mchana, na usiku ile matela yako inaiharibu. Tafuta ngumu. Kama hapana, ile ngazi utakuwa unaiangalia tu."

Godoro tulilokuwa tukilalia, hiyo matela ya daktari, lilikuwa la mke wangu. Mama yake alilileta siku ya harusi kutoka milima ya Masisi, na lilikuwa na historia yake hata kabla ya hapo. Lilikuwa la sponji, jembamba, lenye kitambaa cha maua ambayo yalikwisha kuwa madoa. Lilikuwa limekimbia vita mara ambazo mke wangu huzihesabu kwa majina ya mahali: ile ya Kitchanga, ile ya Sake, ile ya kwanza ya Mugunga, ile ya pili ya Mugunga. Yeye hakuwahi kuvuka mpaka. Alihama ndani ya nchi, kutoka kilima hadi kambi na kutoka kambi hadi mjini, na kila mara godoro lilikunjwa likafungwa kamba mahali pale pale. Sponji ilikufa pale kamba ilipokuwa ikipita, na pale ndipo kiuno changu kilipokuwa kikiangukia. Mimi, mwenye nyumba ya mawe, nilikuwa nalala ndani ya alama ya kamba.

Tulikwenda Birere, kwenye maduka ya mjini, siku ya Jumamosi, mimi na mke wangu. Nilivaa koti. Mtu anayekwenda kununua kitu kizuri hana sababu ya kufanana na mwuza mkaa.

Duka lilikuwa refu na jembamba, na magodoro yalikuwa yameegemezwa ukutani, yote ndani ya plastiki. Kwetu plastiki haiondolewi dukani. Wengine hawaiondoi hata nyumbani. Mnunuzi hubonyeza kwa ngumi. Akitaka kuwa na uhakika zaidi huweka goti. Hakuna anayelala. Mke wangu alikuwa na kipimo kingine. Alivuta godoro la kwanza, akaligeuzia mgongo, akainama likamlalia, akashika kingo zake kwa nyuma, kisha akatembea nalo mpaka mlangoni na kurudi. Muuzaji hakushangaa. Alisogeza tu kiti chake ili apite.

"Anafanya nini?" nikauliza, ingawa mke ni wangu.

"Mama anapima," muuzaji akasema. "Bamama ya huku yote banapimaka vile."

Alipima matatu. La tatu akalisifu. Lilikuwa jepesi, linakunjika, na lingefungwa kwa kitenge kimoja bila kutafuta kamba. Nikalibonyeza kwa ngumi, na mkono ukazama mpaka kwenye saa.

"Hii ni uji," nikasema. Nikamwambia muuzaji aniletee gumu kuliko yote aliyo nayo.

Alikuwa na moja la springi, limeingia kupitia mpakani, limekaa nyuma ya mengine yote kwa sababu lilihitaji watu wawili kulitoa. Walililaza juu ya makatoni katikati ya duka. Nilivua viatu. Nilivua koti nikampa mke wangu. Nikalala chali, mikono kifuani.

Duka zima likageuka kutazama, kisha likaanza.

"Papa, hapa si hoteli!"

"Ameanguka?"

"Hapana, anajaribu kaburi. Anaangalia kama inamutosha."

Mke wangu alijificha uso kwa koti langu. "Amuka, papa. Batu banakuangalia."

"Waache waangalie," nikasema. "Kampala mtu hanunui godoro bila kulilalia."

"Na huko Kampala," mwanamume mmoja akauliza kutoka mlangoni, "mutu akilala, banamuletea na chai?"

Walicheka sana. Sikuamka, kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu asubuhi ile ya kamba za viatu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutosikia mgongo wangu. Ulikaa juu ya lile godoro kama tofali juu ya msingi. Ya pili, nilipotaka kuamka ulikataa. Nilijigeuza ubavu, mke wangu akanishika mikono yote miwili, akakanyaga nyayo zangu ili nisiteleze, akanivuta kama mtu anayetoa mbuzi shimoni. Nikavaa viatu bila kufunga kamba.

"Ni hili," nikasema.

Mke wangu akalishika lile godoro ukingoni, akajiingiza chini yake, akajaribu kusimama. Godoro liliinuka upande mmoja tu. Alikaa pale chini kidogo, kama mtu aliyeangukiwa na mlango, halafu akatoka akijipangusa vumbi.

"Hapana," akasema. "Hii tutakimbia nayo namna gani?"

"Nani amesema tutakimbia?"

"Nani alisemaka ile mara ingine? Tulikuwa tunageuza bugali tu."

"Mama, miye nilirudi. Mutu mwenye kurudi hakimbii tena. Nimejenga na mawe."

"Mawe itabaki," akasema. "Siiko nasema juu ya mawe. Weye ulikimbiaka na mukoba ya shule, papa. Mukoba ni mwepesi. Miye nilikimbiaka na matela, na kwa ile matela tulilala batu sita."

Hapo wateja wakaingia. Kwetu ugomvi wa dukani ni wa kila aliyemo. Bibi mmoja aliyekuja kununua mito akasema mama ana haki, kwa sababu mtu asiye na godoro kambini huliwa na baridi ya mawe kuanzia mbavuni. Yule mwanamume wa mlangoni akauliza papa akikosa mgongo nani atalibeba hilo godoro jepesi. "Mama atalibeba," bibi akajibu, "kama siku zote." Muuzaji alitaka tununue yote mawili. Kitanda changu ni kimoja, nikamwambia, na chumba nilikipima mimi mwenyewe.

Hapo ndipo diploma ilipofanya kazi yake. Mtu mwingine angeona magodoro mawili na kitanda kimoja, akakaa kuchagua mpaka duka lifungwe. Mimi niliona kitanda chenye upana unaogawanyika. La springi halikatwi. Lakini nilimwuliza muuzaji wale wanaotengeneza makochi wananunua nini, akanionyesha sponji nene iliyoshikana, nzito, ambayo ngumi haikuiacha hata alama. Nikaomba kalamu, nikachora juu ya katoni: godoro la sponji hiyo ngumu likatwe kwa urefu, na lile jepesi alilolipenda mke wangu likatwe kwa urefu, nusu moja ya hili na nusu moja ya lile zilale sambamba kwenye kitanda kimoja. Ngumu upande wangu, laini upande wake. Kila nusu ingekuwa nyembamba kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Mke wangu husimulia kwamba wazo lilikuwa lake, kwa sababu kabla sijaomba kalamu alisema, "Basi kila mutu abebe yake." Ni kweli alisema hivyo. Lakini mchoro ulikuwa wangu.

Muuzaji aliutazama mchoro, akarudisha kalamu yake mfukoni.

"Patron, matela ya bwana na bibi haikatwake. Bale banakuyaka hapa kukatisha, ni bale banaachana. Kila mutu anaenda na kipande yake."

"Sisi hatuachani."

"Bote banasemaka vile mbele ya watu."

Bibi wa mito akamshika mke wangu mkono. "Mama, amekukosea nini?"

"Ni mugongo yake njo inanikosea," mke wangu akasema. "Bakate tu."

Muuzaji alikubali kwa sharti moja. Alidai kwanza tushikane mikono mbele ya wote waliokuwepo, ili baadaye isisemwe kwamba ni kisu chake kilichotutenganisha. Hatukuwa tumeshikana mikono mbele za watu tangu siku ya kanisa. Tulishikana. Mkono wake ulikuwa mgumu kuliko nilivyokumbuka. Muuzaji akatoa kisu kirefu cha kukatia sponji, akakata lile jepesi, kisha lile gumu, ambalo lilimchukua muda na likamtoa jasho. Bibi wa mito alipiga kigelegele, sijui kwa nini. Nusu mbili zilizobaki muuzaji aliziegemeza ukutani, akasema atapata watu wa kuzinunua, kwa sababu wagomvi hawakosekani mjini.

Nusu zetu zilikwenda nyumbani kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, moja juu ya nyingine. Mke wangu alizishonea kila moja kitambaa chake. Kitandani upande wangu ulikuwa juu kuliko wake kwa upana wa kiganja.

"Uko huko juu kama gavana," akaniambia usiku wa kwanza. "Ukianguka, utaniua."

Sikuanguka. Asubuhi niliinama nikafunga kamba za viatu. Siku kadhaa baadaye niliweza kukohoa bila kushika ukuta. Godoro la zamani tulilikunja tukaliweka chini ya kitanda, kwa sababu mke wangu hakutaka kusikia habari ya kulitupa, na mimi sikuwa na haja tena ya kubishana nalo.

Siku ya kumwaga zege nilikuwa juu. Nilipanda ngazi mbele ya mwenye nyumba, bila kushikwa, nikasimama kwenye ukingo wa mbao nikiwa nimevaa kofia yangu ya kazi, na sikushuka mpaka ndoo ya mwisho ilipopandishwa. Wafanyakazi walipanga mstari, ndoo zikapita mikononi, na zege lile mpaka leo halina ufa. Nilimsikia mwenye nyumba akimwambia dereva wake, "Shefu amerudi juu." Nililichukua neno hilo kama cheti.

Lakini kutoka juu kule nilikuwa naona barabara. Kwa siku kadhaa watu walikuwa wakiingia mjini kutoka upande wa Sake, na siku ile waliongezeka. Unapowatazama watu kutoka ghorofani, unachoona kwanza ni magodoro. Yalikuja yamekunjwa juu ya vichwa, yamefungwa migongoni, yamelundikwa kwenye chukudu na kuku juu yake. Sikuona hata moja la springi. Niliona wanawake wakitembea wameinama mbele, kamba ya godoro imepita kwenye paji la uso, na watoto wakishika ncha ya kitenge nyuma yao. Wafanyakazi wangu wawili waliacha ndoo zao wakashuka. Walikuwa na ndugu huko. Sikuwakata mshahara.

Wiki iliyofuata vita vilisogea. Kulikuwa na mchana mmoja ambao milipuko ilisikika ikitoka nyuma ya kilima, kisha ikasikika ikitoka mbele ya kilima, na tofauti hiyo kila mtu wa mtaa wetu anaijua. Nilikuwa nyumbani. Jirani wa kushoto alipita na watoto bila kuaga. Jirani wa kulia alifunga mlango kwa kufuli, akarudi akafungua, akatoa sufuria, akafunga tena.

Nilikuwa nimewaambia watu wengi kwamba mimi sikimbii tena. Niliketi kwenye kochi, chini ya diploma. Mke wangu hakubishana na mimi. Aliingia chumbani, akavua shuka, akakunja nusu yake, akaifunga kwa kitenge kimoja kama alivyokuwa amesema dukani, akaitoa mpaka mlangoni. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Kisha akamfunga mtoto wetu mdogo kifuani, akawapa ndugu zake wakubwa sufuria na dumu la maji.

"Papa," akasema akiwa mlangoni, "miye nina yangu. Weye una yako?"

Kombora lilianguka mahali fulani kwenye migomba, si mbali. Vumbi dogo lilishuka kutoka kwenye dari. Kuta hazikusogea. Nataka hilo lijulikane. Nikaingia chumbani.

Nusu ngumu haikunjiki. Nilijaribu, ikafunguka ikanipiga kifuani. Nikaisimamisha, nikaingiza kichwa chini yake katikati, nikasimama nayo. Ilining'inia mbele na nyuma kama bati. Mzigo wa kichwani haukuachii kuinama. Ukiinama unaanguka nao, kwa hiyo unatembea wima, hatua fupi, macho mbele. Nilitembea hivyo kutoka nyumbani kwangu mpaka katikati ya mji. Kwenye barabara walikuwa wengi waliokuwa wakitembea vizuri kuliko mimi, lakini hakuna aliyekuwa amenyooka kuliko mimi. Kijana mmoja aliyekuwa na mbuzi alinipigia kelele, "Muzee, umeng'oa mulango?" Mke wangu, akiwa ameinama mbele yangu chini ya nusu yake, alicheka. Sikuona uso wake, niliona tu mzigo ukitikisika.

Mgongo wangu haukuniuma. Nilikuwa nikiusubiri uniume, na haukuniuma.

Walitupokea kwenye uwanja wa kanisa, uliojaa kokoto nyeusi za volkeno, zile zenye makali yanayopenya kandambili. Familia zilizotutangulia zilikuwa zimetandika magodoro yao mepesi, na kila aliyelala alijua kila kokoto iliyokuwa chini yake. Nusu yangu ilikuwa nene. Kokoto hazikufika juu. Nikasema watoto na mama yao walale hapo, mimi nitachukua ile laini. Mtu anayesimamia hugawa kazi. Nililala kwenye laini, nikazihisi kokoto zote, na asubuhi nilivutwa tena mikono yote miwili, safari hii na mwanamume aliyelala karibu nasi, nyayo zimekanyagwa, mbele ya umati mkubwa kuliko ule wa dukani. Hakuna aliyecheka. Wengi walikuwa wakiinuliwa kwa namna ile ile.

Jambo nililoliona asubuhi ile ni kwamba mke wangu alikuwa bado amelala. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimewahi kuamka kabla yake. Nilidhani ni ugonjwa. Nikamgusa bega.

"Niache kidogo," akasema bila kufungua macho. "Mugongo inapumuzika."

"Mugongo yako inaumaka?"

"Tangu Kitchanga."

"Mbona haukusema?"

"Ningesema kwa nani?" akasema. "Kila mutu alikuwa amebeba yake."

Halafu akageukia upande wa pili akaendelea kulala, na mimi nikaenda kupanga foleni ya maji.

Milipuko ilipotulia tulirudi. Mlango ulikuwa umevunjwa. Walikuwa wamechukua viti, kochi, redio, na mbao za kitanda, labda kwa kuni. Godoro la zamani, lile la alama ya kamba, lilikuwa limekwenda pia. Mke wangu alitazama mahali lilipokuwa, akasema wamelichukua wenye shida kuliko sisi, na hakulitaja tena. Diploma waliiacha. Sikushangaa, diploma haimtoshi mtu mwingine. Kuta zilikuwa zima, na mkanda wa zege pia. Katika njia yetu mimi ni mtu aliyerudi mara mbili, na sijaona mwingine anayeweza kusema hivyo na bado ana nyumba ya kurudia.

Nilitengeneza kitanda kwa mbao za kazini, nikaweka nusu mbili juu yake. Jioni nilipoingia chumbani nilikuta zimebadilishwa. Ngumu ilikuwa upande wa ukutani, upande wake. Mke wangu alikuwa amelala juu yake chali, mikono kifuani, kama nilivyolala mimi dukani.

"Mama, ile ni yangu."

"Ilikuwa yako."

"Na ngazi? Nitapanda namna gani?"

Akafikiri. "Yule wa Birere," akasema, "ile kipande ingine bado iko nayo?"

Ilikuwepo. Duka lilikuwa limepoteza kufuli na kioo, lakini ile nusu ngumu iliyobaki ilikuwa bado imeegemea ukuta, na plastiki yake ilikuwa na vumbi. Hata walioingia kuiba waliikwepa. Muuzaji alituambia kwamba watu walikuwa wameiulizia mara nyingi, wakasikia habari yake, wakaiacha. Hakuna aliyetaka kulalia kipande cha walioachana.

"Kwa hiyo munarudiana," akasema.

"Hatukuachana," nikasema.

"Bon. Kama munarudiana, njo vizuri zaidi."

Mke wangu alimwambia ailaze chini. Akavua kandambili, akanipa mimi mkoba wake, akalala juu yake mbele ya wateja, macho kwenye mabati ya paa. Nilisubiri waanze, wakaanza.

"Mama naye!"

"Ni ugonjwa ya ile nyumba."

"Mama, hapa si hoteli!"

"Ninajua," mke wangu akasema kutoka kule chini, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. "Kwa hoteli kunakuwaka kelele."

Alipoamka, aliamka mwenyewe. Akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Kabla muuzaji hajawaita vijana wake nilimrudishia mke wangu mkoba, nikaisimamisha ile nusu, nikaingiza kichwa katikati yake, nikanyooka. Nikatembea nayo mpaka mlangoni, nikageuka, nikarudi. Kulikuwa na mteja mgeni aliyesimama njiani, ambaye hakuelewa.

"Anafanya nini?" akauliza.

Muuzaji alikuwa ameshasogeza kiti.

"Muzee anapima," akasema.